Kuziba na Kutega: Swali la Haki katika Ulinzi wa Hoki ya Barafuni

Kuzuia ni tendo ambalo mafanikio yake hayaachi alama. Anayejenga huonyesha nyumba, anayelima huonyesha mavuno, na anayefunga bao huandikwa jina lake pamoja na dakika aliyofunga. Lakini aliyezuia bao lisifungwe hana cha kuonyesha isipokuwa kutokuwepo kwa kitu, na kutokuwepo hakupigwi picha. Ndiyo maana wanafalsafa na wanazuoni wa sheria wamerudia tangu zamani maswali mawili yanayofuatana: kwanza, je, mtu anaweza kusifiwa kwa jambo ambalo halikutokea, na pili, ikiwa anaweza, ni kwa mipaka ipi inafaa amzuie mwenzake asifike anakokwenda, hasa pale ambapo mwenzake huyo bado hajatenda kosa lolote. Kwa kawaida maswali haya hujadiliwa kwa mifano ya mahakama, ya vita au ya malezi ya watoto. Insha hii inayachunguza kwa mfano wa mbali kidogo, nao ni mikakati ya ulinzi katika hoki ya barafuni, mchezo ambao kwa zaidi ya miaka mia moja umelazimika kuyajibu kwa kanuni zilizoandikwa na filimbi ya mwamuzi.

Hoki ya barafuni, iliyoanza kupata umbo lake la kisasa mjini Montreal katika robo ya mwisho ya karne ya 19, huchezwa na timu mbili zenye watu sita kila moja uwanjani, watano wakiwa wachezaji wa mbele na mabeki, na mmoja akiwa kipa. Wote huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini yake na hushika magongo, ambayo kwayo husukuma na kupiga kisahani, yaani kipande cha mviringo cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Katika ligi kuu ya Kanada na Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama NHL, uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, nao umezungukwa na kuta, kwa hiyo kisahani kikigonga pembeni hurudi mchezoni badala ya kutoka nje kama mpira wa miguu. Mistari miwili ya buluu huugawa uwanja katika kanda tatu, ukanda wa kila timu na ukanda wa kati, na ni marufuku kwa mshambuliaji kuuvuka mstari wa buluu wa wapinzani kabla ya kisahani. Katika Afrika Mashariki mchezo huu unajulikana kwa wachache, hasa wale waliowaona Ice Lions wa Kenya, timu iliyozaliwa juu ya barafu ya Hoteli ya Panari jijini Nairobi. Hata hivyo ugumu wake wa kifikra hauhitaji baridi ili ueleweke.

Swali la kwanza, lile la sifa, linatatanisha kuliko linavyoonekana. Ichukuliwe hali ifuatayo. Mshambuliaji anapiga kisahani kuelekea langoni. Beki anajitupa mbele yake na kisahani kinamgonga mguuni. Lakini nyuma ya beki huyo kipa alikuwa amekwisha kujipanga, na glovu yake ilikuwa wazi pale pale ambapo kisahani kingefika. Ni nani aliyezuia bao? Beki hawezi kusema kwamba bila yeye lingefungwa, kwa sababu kipa angekidaka kisahani. Kipa naye hawezi kudai sifa ya kitu ambacho hakikumfikia. Akiondolewa mmoja wao hakuna kinachobadilika, ilhali wakiondolewa wote wawili bao linafungwa bila shaka. Wale wanaofasiri sababu kuwa ni kile ambacho, kama kisingalikuwapo, tokeo lake lisingalitokea, hukwama mbele ya mfano wa namna hii, na wamejaribu njia nyingi za kujinasua. Labda jibu linaloufaa mchezo ni kwamba kuzuia hakukai ndani ya mtu mmoja, bali hukaa katika mpangilio wa watu, yaani katika namna walivyosimama hata kabla kisahani hakijapigwa. Takwimu za mchezo huo zenyewe zinakaribia kukiri hivyo, kwa kuwa ipo hesabu ya kujumlisha na kutoa ambayo, timu zinapokuwa na idadi sawa ya wachezaji, humpa kila aliyekuwa uwanjani, isipokuwa kipa, alama moja timu yake inapofunga na kumpunguzia moja inapofungwa, awe alikigusa kisahani au hakukigusa. Lakini hesabu hiyo nayo huhesabu mabao yaliyofungwa tu. Mafundisho ya Kiislamu humwandikia thawabu mtu aliyekusudia ovu kisha akaliacha kwa ajili ya Mungu, na hilo linawezekana kwa sababu anayeandika anajua yaliyomo vifuani; mwandishi wa matokeo uwanjani si Raqib wala Atid, malaika wanaoandika matendo ya watu, na anachokijua ni kile kilichotikisa wavu.

Ikiwa ulinzi ni mpangilio, basi inafaa kuutazama mpangilio uliosifiwa na kulaumiwa kuliko yote katika historia ya karibuni ya mchezo huo, yaani mtego wa ukanda wa kati. Haukuvumbuliwa na mtu mmoja, ila umefungamana na jina la Jacques Lemaire, ambaye enzi zake za uchezaji alikuwa mshambuliaji wa Montreal Canadiens na kutwaa Kombe la Stanley mara nane, kisha mwaka 1993 akachukua ukocha wa New Jersey Devils. Katika umbo lake la kawaida, mchezaji mmoja wa mbele hutangulia kumkabili mpinzani anayetoka na kisahani katika ukanda wake, lakini hamkabili kwa kumnyang'anya. Humkaribia kwa pembe fulani, taratibu, ili kumwelekeza upande mmoja wa uwanja. Wawili wanaofuata hufunika njia za pasi za katikati, na mabeki wawili husimama nyuma yao karibu na mstari wao wa buluu. Mwenye kisahani huona mbele yake njia moja tu iliyo wazi, ile ya kandokando ya ukuta, na akiifuata hujikuta amebanwa kati ya watu wawili na ukuta, ambao hapo huwa beki asiyechoka wala kulipwa mshahara. Kisahani hupotea, na wale waliokuwa wakishambulia hukutwa wameupa mgongo upande wanaopaswa kuulinda. Mwaka 1995 Devils walifika fainali dhidi ya Detroit Red Wings, timu iliyokuwa na matokeo bora kuliko zote msimu huo, wakaishinda michezo minne kwa sifuri. Watu wengi huukumbuka ushindi huo kama ushindi wa kuchosha macho, na ni haki kuwakumbusha kwamba katika michezo hiyo minne Devils walifungwa mabao 7 na wao wakafunga 16.

Msomaji aliyelelewa katika elimu ya fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, anaweza kuona hapa sura ya kanuni anayoijua. Wanazuoni wana msemo kwamba kuondoa madhara hutangulizwa kuliko kuleta manufaa, na kutokana na fikra hiyo wapo walioendeleza, hasa katika madhehebu ya Maliki, kanuni iitwayo sadd al-dharai, maana yake kuziba njia: jambo lililo halali lenyewe linaweza kuzuiwa ikiwa ndiyo njia inayopeleka kwenye haramu. Al-Qarafi, mwanazuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki mwaka 1285, alizigawa njia hizo katika mafungu matatu. Zipo ambazo wanazuoni wote wamekubaliana zizibwe, kama kuchimba kisima katikati ya njia wanayopita watu. Zipo ambazo wote wamekubaliana zisizibwe, kama kupanda mizabibu, ijapokuwa zabibu zaweza kukamuliwa ziwe mvinyo. Na zipo zinazobishaniwa. Ibn Qayyim al-Jawziyya wa Damascus, aliyefariki mwaka 1350, alikusanya mifano 99 ya kuitetea kanuni hii. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyetangulia kuishi kabla yao wote wawili, aliikataa kabisa, kwa hoja kwamba kumharamishia mtu kilicho halali kwa kuhofia kitakachokuja ni kuhukumu kwa dhana. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, hakuipa kanuni hiyo nafasi waliyoipa Wamaliki, naye alielekea kuyapima mapatano ya watu kwa sura yao iliyo wazi kuliko kwa nia iliyofichika.

Mfanano na ulinzi wa barafuni unavutia kwa sababu timu inayolinda nayo haingoji kisahani kifike langoni. Huziba njia mapema, katika ukanda wa kati, mahali ambapo hakuna hatari bado, kwa hesabu ya kwamba yatakayotokea baadaye huanzia hapo; na Mswahili aliyefunzwa kwamba asipoziba ufa atajenga ukuta hahitaji kocha wa kumweleza jambo hilo. Hata hivyo mfanano huo una kasoro mbili, na ni katika kasoro hizo ambamo suala lenyewe hujitokeza.

Kasoro ya kwanza ni kwamba kuziba si kutega. Anayeziba hataki mtu apite. Akiona njia haina mpitaji, furaha yake imetimia. Anayetega anataka mtu apite. Mtego wa ukanda wa kati hauzibi njia zote, na kwa watu watano juu ya barafu yenye upana wa mita 26 usingeweza. Huziba nyingi ili iliyobaki ionekane kuwa salama, na hiyo iliyobaki ndiyo yenye shari. Mwanazuoni anayeziba njia ya haramu angestaajabu kuambiwa aache mlango mmoja wazi ili amkamate atakayeingia. Kwa hiyo jina ambalo mchezo umeupa mkakati huu lina ukweli ndani yake: ni kazi ya mwindaji kuliko ya mlinzi, na mwindaji humtegemea mnyama, kwa kuwa mtego usio na njaa ya mwingine ni kamba tu iliyolala majanini. Fikra hii itafaa tena mbele.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Katika sheria kinachozuiwa ni ovu, au angalau kinachodhaniwa kuwa ovu, wakati katika mchezo bao si ovu; ni haki ya mpinzani kulitafuta, na mchezo wenyewe umeundwa ili alitafute. Basi inakuwaje iwe halali, hata iwe jambo la kusifiwa, kumzuilia mtu lengo lake jema? Bernard Suits, mwanafalsafa aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, alitoa jibu lenye nguvu katika kitabu chake kumhusu panzi, kilichochapishwa mwaka 1978, ambamo panzi yule wa ngano ya Aesop, aliyecheza msimu mzima bila kuweka akiba, anapewa nafasi ya kujitetea. Kwa maoni ya Suits, kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima, kwa sababu tu vikwazo hivyo ndivyo vinavyofanya tendo hilo liwezekane. Mshambuliaji angeweza kukichukua kisahani usiku, uwanja ukiwa mtupu, akakiweka wavuni mara elfu moja, na asingekuwa amefunga hata bao moja. Anamhitaji beki. Kwa hiyo beki hamnyimi kitu chake. Anampa kile ambacho bila hicho lengo lake lisingekuwa na thamani, na ridhaa ya mshambuliaji, aliyoitoa alipoingia uwanjani, ndiyo inayohalalisha kuzuiwa kwake.

Jibu hili linaridhisha kwa sehemu kubwa, ila linaacha swali la kiasi. Ridhaa ya kuzuiwa haiwezi kuwa ridhaa ya kuzuiwa kabisa, kama vile anayemkaribisha mgeni kubishana naye hajakubali azibwe mdomo. Historia ya kanuni za NHL inaweza kusomwa kama juhudi ndefu ya kulitafuta kiasi hilo. Wachezaji walipozoea kujiokoa kwa kukitupa kisahani kutoka nyuma hadi mwisho wa uwanja, bila nia nyingine isipokuwa muda upite, kanuni ya mwaka 1937 iliwarudisha kuanza upya mbele ya lango lao wenyewe, isipokuwa pale timu ilipokuwa pungufu kwa adhabu. Mtego wa miaka ya 1990 nao ulinufaika na katazo la pasi ndefu iliyovuka mistari miwili, na zaidi ya hapo ulinufaika na ulegevu wa waamuzi, ambao walikuwa wakiwaachia mabeki kumvuta mpinzani kwa gongo au kumkinga mchezaji asiye na kisahani, mambo ambayo kanuni zilikuwa zimeyakataza tangu zamani. Baada ya msimu mzima wa 2004–05 kufutwa kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji, ligi ilirejea ikiwa imeliondoa katazo la pasi ya mistari miwili na ikiwa imewaagiza waamuzi kutoza adhabu kwa kila mvuto. Inafaa kuangaliwa kwamba mtego wenyewe haukupigwa marufuku. Wala haungeweza kupigwa marufuku kwa urahisi, kwa kuwa ungelazimisha sheria kumwambia mtu asisimame mahali fulani kwa sababu ya anachokifikiria akiwa amesimama hapo.

Kwamba sheria ya mchezo hupata taabu inapoiendea nia lilikuwa limekwisha kuonekana katika msimu wa kwanza kabisa wa ligi hiyo. Wakati huo kipa alikatazwa kujiangusha ili kukizuia kisahani. Ilimpasa abaki wima. Clint Benedict, kipa wa Ottawa, alikuwa akianguka mara kwa mara na kila mara akionekana ameteleza, na kwa kupiga kwake magoti watazamaji walimwita Benny mwenye kusali. Mwamuzi angejuaje kama mtu aliyesimama juu ya barafu ameteleza au amejiangusha? Mnamo Januari 1918 ligi iliamua kuwaruhusu makipa waanguke wapendavyo. Uamuzi huo unaweza kuelezwa kwa lugha ya Imam Shafii bila kuulazimisha: pale ambapo nia haishikiki, hukumu ishike kinachoonekana, na kama kinachoonekana hakitofautishi mkweli na mjanja, basi heri sheria inyamaze kuliko kumwadhibu aliyeteleza kweli. Wapo watakaosema kwamba kwa njia hiyo ujanja ulilipwa. Ulilipwa, na kila kipa wa leo anayeshuka magotini kufunika sehemu ya chini ya lango ananufaika na ujanja huo.

Ikiwa nia haishikiki na marufuku haitoshi, kipimo kingine kinaweza kutafutwa, nacho ni kuuliza gharama ya kuzuia inamwangukia nani. Yupo beki anayejilaza mbele ya kisahani kinachoweza kwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa, akijua kwamba mfupa unaweza kuvunjika; yeye anazuia kwa kulipa mwenyewe, na hakuna shabiki wa timu yoyote anayemchukia. Vivyo hivyo timu yenye mtu mmoja aliyetolewa nje kwa adhabu ya dakika mbili, ambayo hulinda kwa wanne dhidi ya watano, hupigiwa makofi hata ikitupa kisahani ovyo, kwa sababu imekwisha kulipa. Anayemvuta mpinzani kwa gongo anamlipisha mpinzani, na kwa hiyo huadhibiwa. Mtego umesimama katikati, na hapo ndipo penye ugumu wake: mwenye kutega hatumii nguvu nyingi, haumii, hakosei, na gharama yote humwangukia yule anayetaka kwenda mbele pamoja na watazamaji waliolipa kiingilio ili waone mtu akienda mbele. Wapenzi wa soka wenye kulalamika kwamba timu fulani imepaki basi hulalamikia jambo hili hili bila kulichambua. Kosa hapa, kama lipo, halipo katika tendo lolote moja, na ni vigumu kulipata jina lake. Labda lipo katika mgawanyo wa kazi, kwamba mmoja ameachiwa jukumu lote la kuufanya mchezo uwepo, na mwingine amejiwekea jukumu la kungoja. Mchezo wa bao wa pwani umelikwepa tatizo hili kwa ukali, kwa kuwa mchezaji mwenye nafasi ya kula hulazimika kula na haruhusiwi kutakata, yaani kusogeza kete bila kula, ili kuchelewesha. Hoki haina amri ya namna hiyo.

Ukosefu wa amri hiyo ulidhihirika tarehe 9 Novemba 2011, mjini Tampa, Florida. Tampa Bay Lightning, chini ya kocha Guy Boucher, walikuwa wakitumia mtego wa mtu mmoja mbele, watatu wakiwa mstari mmoja katikati na mmoja nyuma, mpangilio ambao miezi michache kabla ulikuwa umewafikisha hadi mchezo wa saba wa nusu fainali dhidi ya Boston. Wageni wao, Philadelphia Flyers, walipopata kisahani katika ukanda wao walifanya jambo ambalo hakuna kocha wa ulinzi aliyeliwekea mpango: hawakwenda mbele. Chris Pronger na mabeki wenzake walisimama na kisahani kwenye magongo yao, wakapasiana kidogo, wakasimama tena. Lightning nao hawakusogea, kwa kuwa kusogea kungekuwa kuuvunja mtego kwa mikono yao wenyewe. Watu kumi wenye viatu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kasi walikaa wakitazamana, huku umati ukizomea, na kila upande ukiwa ndani ya kanuni au karibu sana na ndani.

Kwa kipimo cha ridhaa, Flyers walikuwa wameiondoa ile njaa ambayo mtego uliitegemea, na kwa kuiondoa walionyesha kwamba ulinzi ule haukuwa ukilinda lango hata kidogo, maana hakuna aliyelishambulia na bado haukuweza kuacha. Kwa kipimo cha gharama, walikataa kulipa peke yao. Lakini mwamuzi hana nafasi ya kupima ridhaa. Yeye huona kisahani kilichosimama, na kisahani kikisimama mchezo umesimama. Filimbi ilipulizwa, na kwa kuwa ilikuwa lazima mtu mmoja ahesabiwe kuwa ndiye aliyeusimamisha, aliyehesabiwa ni mwenye kisahani: mchezo ukaanzishwa upya ndani ya ukanda wa Flyers, mbele ya kipa wao, na wale watatu wa katikati wakarudi kusimama mahali pao.